Kiwavi wa mndimu aje kabla ya mchoro wa ubaoni

Hatua za ukuaji wa kipepeo kwa kawaida hufundishwa kwa mchoro: yai, lava (yaani kiwavi), pupa (kiwavi aliyetulia ndani ya ganda akigeuka), mdudu kamili, na mishale inayozunguka. Mtoto anakariri na kufaulu, lakini hajui kuwa yule mdudu mfano wa kinyesi cha ndege kwenye mndimu wa kwao ndiye lava mwenyewe. Mchoro uje mwisho. Aanze mdudu.

Anayefaa zaidi ni Papilio demodocus, kipepeo mweusi mwenye mabaka ya njano, ambaye hutaga kwenye mindimu, milimau na michungwa. Mtafuteni mvua zinapoanza na miti inapochipua. Mayai huwa moja moja kwenye majani machanga, ya njano iliyofifia, yenye upana wa milimita 1 hivi. Kiwavi mchanga ni wa kahawia iliyokolea na madoa meupe. Akikomaa hugeuka kijani na kuzidi sentimita 4. Akiguswa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Hazidhuru. Usiwatajie watoto mapema; wakizigundua wenyewe, waulize zinamsaidia nini.

Makao ni ndoo ya lita 10 kwa kila kundi, na viwavi 3 wanatosha, maana wakubwa ni walafi. Funika mdomo kwa kitambaa cha pazia chepesi, ukaze kwa mpira. Chandarua cha mbu usikitumie kabisa: vingi vimetiwa dawa, na dawa hiyo huua viwavi pia. Kwa sababu hiyohiyo, epuka majani ya mti uliopuliziwa dawa. Miguu ya meza isimamishwe kwenye makopo ya maji, la sivyo sisimizi watamaliza kila kitu usiku mmoja.

Kitawi cha majani kitiwe kwenye kichupa cha dawa ya kunywa kilichooshwa, chenye maji, na shingo ya kichupa izibwe kwa pamba. Usipoiziba, kiwavi atateremka na kuzama. Majani yaliyooshwa yakaushwe kwanza, kwani unyevu ndani ya ndoo huleta ukungu. Kila asubuhi badilisheni gazeti la chini lenye kinyesi. Asiyekula wala kusogea kwa siku moja huenda anajivua ngozi. Msimwondoe kwenye jani alilolishika. Ijumaa wekeni vitawi viwili.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya daftari la hesabu lenye miraba. Watoto walaze jani juu ya ukurasa, wachore ukingo wake, wahesabu miraba, kisha walirudishe likiwa bado kwenye kitawi. Kesho yake wachore kilichobaki. Tofauti ndiyo iliyoliwa. Jani lisikatwe, kwa sababu likinyauka hujikunja na hesabu huharibika. Kabla ya kuhesabu, kila mtoto aandike makisio yake. Urefu wa kiwavi upimwe kwa rula iliyowekwa kando yake, bila kumshika.

Siku moja ataacha kula, atazungukazunguka na kutoa kinyesi cha majimaji. Watoto watasema anaumwa. Sivyo, anatafuta pa kugeukia pupa. Hakikisha ndoo ina vijiti vikavu vilivyosimama mshazari. Atajifunga kwa uzi kiunoni, na kuanzia hapo vijiti visiguswe. Pupa wengine ni wa kijani, wengine wa kahawia. Waulize watoto kila mmoja alijifunga wapi.

Kwenye joto la pwani, safari yote huchukua takriban wiki 5 hadi 7, hivyo anza mapema muhula ukifunguliwa. Pupa mwingine atatoa nyigu wadogo badala ya kipepeo, kwa sababu alikuwa ametagiwa mayai akiwa bado nje. Usimtupe kimyakimya. Hilo ni somo kamili la nani anamla nani, na watoto huliuliza maswali mengi kuliko kipepeo mwenyewe.

Kipepeo akitoka hudondosha majimaji. Ni taka za mwilini. Anahitaji nafasi ya kuning'inia ili mbawa zinyooke. Akibanwa, mbawa hubaki zimekunjamana na hataruka kamwe. Mpeni saa kadhaa zikauke, kisha mfungulieni asubuhi yenye jua, karibu na maua. Sasa watoto wachore duara lao wenyewe, waandike idadi ya siku kwenye kila mshale.