Santuri haziwekwi ukutani

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia dukani kwangu akauliza kama ninauza santuri za zamani, zile sahani nyeusi za muziki. Nikamuuliza anataka za nani. Akasema za yeyote, yeye anataka 12 tu za kupigilia ukutani kwenye mgahawa wake, ila ziwe na lebo, ile karatasi ya katikati, za rangirangi. Nikamwambia sina. Ninazo 340 na ushei, na zilikuwa nyuma ya pazia, hatua nne kutoka aliposimama. Sijutii kumjibu hivyo. Za kupigiliwa misumari kweli sina.

Mimi ni fundi wa redio na friji hapa Ngamiani, Tanga, tangu 1986. Santuri zilinifuata kazini. Mwaka 1994 bibi mmoja wa Barabara ya 9 alimtuma mjukuu wake aniite nikaangalie rediogramu yake, ile kabati ya mbao yenye miguu minne, redio upande huu na gramafoni upande ule. Sahani ilikuwa haizunguki. Gurudumu dogo la mpira linaloisukuma kwa ndani lilikuwa limekauka na kung'aa kama jiwe la mtoni, linateleza tu. Nililisugua kwa msasa laini mpaka mpira ukashika tena, nikatia mafuta kwenye mota, ikazunguka. Nikamwambia, "Bibi, nipe elfu tatu tu." Akanitazama kidogo, akasema, "Mwanangu, hela sina. Vuta hilo boksi chini ya kitanda, hizo chukua wewe. Aliyekuwa akizipiga hayupo tena."

Zilikuwa 41. Nyingine zilifungwa kwa kurasa za gazeti la Ngurumo, karatasi imekuwa rangi ya chai. Nilizibeba kwa baiskeli hadi nyumbani nikiwa sijui nimebeba nini. Usiku ule niliweka moja ya Atomic Jazz, bendi ya hapa hapa mjini. Sindano ilipogusa kulitoka ule mchakacho wa mwanzo, kama mafuta ya vitumbua yanapoanza kushika moto, halafu gitaa likaingia peke yake, jepesi, likafuatwa na wenzake. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Tuliurudia mara tatu.

Wenzangu wa mbali wanaokusanya santuri za miaka ya 60 husema "albamu", na kwao ni kweli, maana miaka ile ndiyo sahani kubwa ya nyimbo nyingi, ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, ilipotawala Ulaya na Marekani. Huku kwetu hali ilikuwa nyingine. Muziki wetu wa wakati ule uko kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo mmoja huku, wimbo mmoja kule, kama dakika tatu kila upande. Na mimi naona dakika tatu zile ziliwafaa. Mwimbaji alijua hana nafasi ya kuzungukazunguka. Anaingia, anasema lake, gitaa linajibu, basi. Nyimbo ndefu za kukatwa sehemu ya kwanza na ya pili zilishamiri baadaye, miaka ya 70, nazo nazipenda kwa namna yake.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba Tanzania ya miaka ile haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ya Tanga, Morogoro au Dar es Salaam ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kurekodi redioni, kanda ikabaki redioni, wimbo ukasikika pale redio inapoamua kuupiga. Ya pili ni kuvuka mpaka kwenda Mombasa au Nairobi. Mombasa kulikuwa na duka la Assanand & Sons na chapa yao ya santuri iitwayo Mzuri, ambayo taarabu nyingi za pwani zimo humo. Uchapaji ulikuwa Nairobi. Kwa hiyo santuri ya watu wa Tanga, wanaoimba mambo ya Tanga, ilitengenezwa Kenya kisha ikasafiri kurudi nyumbani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983, na njia ile ikakatika. Mpaka ulipofunguliwa watu walishahamia kwenye kaseti.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia santuri ni mapambo. Zilizobaki ni hizi zilizo chini ya vitanda na juu ya makabati. Salum Abdallah, mwimbaji wa bendi ya Cuban Marimba, alifariki 1965, bado kijana, gitaa za Morogoro zikiwa ndiyo kwanza zimepamba moto. Kila santuri yake inayovunjika mtaani inaweza kuwa ndiyo ya mwisho ya wimbo ule. Hakuna mahali pa kwenda kuagiza nyingine.

LP, yaani zile sahani kubwa, za miaka ile ninazo 19 tu. Moja nitaieleza, kwa sababu inatuhusu. Niliinunua Mombasa mwaka 2008 kwa shilingi 1,500 za Kenya, kwa mzee aliyekuwa akihama nyumba na kuuza vyombo vyake barazani. Ni "An Evening with Belafonte/Makeba" ya mwaka 1965, kampuni ya RCA Victor, ya Harry Belafonte wa Marekani na Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Lebo yake ni nyeusi, juu kuna yule mbwa anayesikiliza gramafoni. Hilo ndilo la kwanza kuangalia ukitaka kujua kama ni ya wakati wake, kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 60 kampuni ilibadili lebo ikawa ya rangi ya chungwa na mbwa akaondolewa. Kisha soma herufi za namba: LPM ni mono, sauti ya njia moja, LSP ni stereo, sauti ya njia mbili, kushoto na kulia. Yangu ni LPM. Kava limechanika pembeni na kuna aliyeandika jina lake kwa kalamu ya bluu nyuma, na chini yake "Kilindini". Nimeliacha kama lilivyo. Sipendi wanaofuta majina ya watu kwenye makava. Yule mtu alitoa hela yake, akaipenda santuri mpaka akaitia jina, wewe ni nani umfute?

Albamu ile ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966, na nyimbo zake nyingi ni za Afrika Kusini, za watu waliobanwa na serikali ya makaburu. Lakini upande wa pili kuna "Malaika", kwa Kiswahili. Aliyeurekodi mwanzo kwenye santuri ni Fadhili William na Black Shadows huko Nairobi. Utunzi wake umegombaniwa miaka mingi, Adam Salim naye alidai ni wake, na mimi siwezi kuwa hakimu.

Jioni moja baada ya Magharibi niliipiga mama akiwa amekaa mkekani anachambua mchele. Mama sasa ana miaka 83. Alimsikiliza Miriam Makeba ametulia kabisa, mkono umesimama ndani ya ungo. Halafu akasema, "Dada huyu sauti kapewa na Mungu. Lakini mwanamke haoi."

"Vipi, mama?"

"Hukusikia? Anasema ningekuoa. Mwanamke huolewa. Hayo maneno ya mwanamume."

Nilikuwa nimeusikia wimbo ule maisha yangu yote, na sikuwahi kuliona hilo. Sauti ya Belafonte iliposikika, mama akatikisa kichwa akaanza tena kuchambua mchele. "Haya, mwenye maneno yake kaja." Kisha akanihadithia alipousikia mara ya kwanza, kwenye redio ya duka la kona, akiwa ametumwa mafuta ya taa na dada yake, akachelewa kurudi akapigwa kofi. Habari hiyo hakuwahi kunipa. Nimeuweka wimbo ule kwenye simu pia, na mama akiwa na sisi huusikia mara nyingi kwenye simu ya mjukuu wake, wala hasimamishi mkono. Nadhani ni kwa sababu simu inaimba huku watu wanafanya mengine. Santuri inakulazimisha ukae karibu, kwa kuwa baada ya dakika chache ni lazima mtu ainuke aigeuze.

Sasa niseme kosa langu, asije mwingine akalirudia. Kabla ya vinili, yaani santuri za plastiki, kulikuwa na zile santuri nzito za mizunguko 78, ambazo ukiangusha moja inavunjika kama sahani ya udongo. Siti binti Saad alirekodi za namna hiyo Bombay mwaka 1928, na kwetu ziliendelea kuuzwa hadi miaka ya 60 inaanza. Zimetengenezwa kwa jamii ya lakiri, gundi ngumu inayotokana na wadudu. Mimi nilizoea kusafisha santuri za vinili kwa maji yenye spiriti kidogo, zinatakata vizuri. Nikapata moja ya 78 ya Fundi Konde, mpiga gitaa wa Kenya, chafu, imejaa ukungu, nikaipitishia kitambaa kile kile. Kitambaa kikawa cheusi. Nikafurahi, nikadhani ni uchafu unatoka. Ilikuwa ni santuri yenyewe inatoka. Spiriti inayeyusha lakiri. Nilipoiweka, gitaa la Fundi Konde lilikuwa limezama, unalisikia kama mtu anayepiga ndani ya pipa. Ninayo bado. Siipigi, na siwezi kuitupa.

Kwa hiyo: maji yaliyochujwa, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ufuate mzunguko wa mifereji, usikate katikati. Ikauke kivulini. Isimame wima kama kitabu, isilale, na isikae kwenye mfuko wa plastiki uliobana, kwa sababu hapa pwani unyevu ukiingia mle hautoki, na ukungu utaota juu ya santuri kama unavyoota kwenye viatu wakati wa masika. Na rediogramu za zamani zipendeni, zing'arisheni, lakini msizipigie santuri mnazozithamini. Kichwa chake ni kizito, sindano inalima. Mimi hutumia mashine ya kisasa, sindano inakandamiza kwa uzito wa gramu 3. Kwa santuri za mono nimeunganisha pamoja nyaya za kushoto na za kulia, na mchakacho mwingi umepotea wenyewe. Fundi yeyote wa umeme atakufanyia kwa nusu saa.

Kuna kidonda kimoja. Mwaka 2011 alikuja mnunuzi kutoka nje, akakaa hotelini siku tano, akatangaza kwa madalali kwamba ananunua santuri zote za Kiswahili. Jirani yangu alimuuzia maboksi mawili kwa bei ya bati za kuezekea chumba kimoja. Simlaumu jirani, mvua ilikuwa inamnyeshea watoto. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilizijua zile santuri, nilishazishika, nilimwambia kila mwaka, "Kaka, nitakuja siku moja nizinakili," na siku hiyo sikuipanga. Mle mlikuwa na za Jamhuri Jazz, bendi ya hapa Tanga, ambazo sijaziona tena. Tangu hapo nikiona boksi la mtu, siombi kuuziwa kwanza. Naomba nizinakili siku hiyo hiyo, hata kama ni kukaa kwenye kigoda mpaka usiku.

Na hapa ninahitaji msaada wenu. Kwenye lile boksi la bibi wa Barabara ya 9 kuna santuri moja ya 45 ambayo mende wamekula lebo yake pande zote mbili. Limebaki neno "Black" na mkia wa herufi inayofuata. Naamini ni Black Star Musical Club, wale wa hapa Tanga waliotia gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, ambako mwimbaji Shakila aliimba kabla ya kwenda kikundi cha Lucky Star. Zile namba zinazochorwa kwenye plastiki kati ya lebo na mfereji wa mwisho nimezitazama kwa kioo cha kukuza na tochi: nasoma 7 mwanzoni na 2 mwishoni, katikati pamekwaruzika. Upande mmoja unapigika. Anaimba mwanamke, anaanza bila ala kwa pumzi mbili hivi, ndipo besi inaingia chini yake na gitaa linamjibu kila mwisho wa mshororo. Upande wa pili una ufa kutoka ukingoni hadi karibu na nusu. Sindano inaruka kwenye ubeti wa kwanza wote, na kinachosikika ni kuanzia ubeti wa pili, mwanamke yule yule akimuuliza mtu kwa nini alipita mlangoni asibishe hodi.

Kama wewe, au bibi yako, au jirani yako wa Pangani, Muheza, Mombasa au Unguja ana wimbo huo, usiniuzie. Nitakuja na mashine yangu na waya, nitakaa barazani, nitaunakili ubeti wa kwanza na kukuachia santuri yako.