Aliyejiondoa Usimfute

Kazi yangu ni kusimamia barua pepe za kampuni kadhaa: matangazo, risiti, taarifa za malipo. Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: mtu akiomba kuondolewa kwenye orodha, si tunamfuta tu? Hapana. Tafadhali usimfute.

Angalia kinachotokea ukimfuta. Leo anwani yake imeondoka, kila mtu ameridhika. Baada ya wiki mbili watu wa mauzo wanaleta faili lao la Excel lenye wateja wa mwaka juzi, wanaomba lipakiwe kwenye mfumo. Yule mtu yumo. Mfumo haumkumbuki tena, kwa hiyo unampokea kama mgeni, na tangazo linalofuata linamfikia. Yeye alijua ameshamalizana nanyi. Ana haki ya kukasirika, na mara nyingi ana haki ya kushtaki pia.

Dawa yake ni orodha ya pili, ya wasiotumiwa. Humo inakaa anwani yake na tarehe aliyojiondoa, basi. Jina, simu na historia ya manunuzi havina kazi humo. Kila faili jipya lichujwe kwa orodha hiyo kabla halijaingia popote, na kama kampuni ina mifumo mitatu ya kutuma barua, yote isome orodha hiyohiyo. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Uingereza, ICO, nayo inashauri hivyo: hifadhi kiasi kinachotosha tu kuheshimu katazo la mtu.

Sheria zenyewe hazifanani. Ile ya Marekani ya mwaka 2003, CAN-SPAM, haidai ridhaa kabla ya kutuma, lakini inataka kichwa cha barua kisichodanganya, anwani halali ya posta, na ombi la kujiondoa litekelezwe ndani ya siku 10 za kazi. Huruhusiwi kumtoza mtu pesa ili umwondoe. Kanada wanataka ridhaa kwanza. Sheria yao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2014, inamhesabu aliyenunua kwako kuwa ameridhia kwa miaka 2, na aliyeulizia tu kwa miezi 6. Ulaya wana GDPR, sheria yao ya ulinzi wa data, tangu 25 Mei 2018, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Orodha moja inaweza kuwa na watu wa nchi zote hizi, na anwani ya barua pepe haikuambii mwenyewe anaishi wapi. Ndiyo maana mimi hushika masharti makali zaidi na kuyatumia kwa wote.

Ridhaa nayo isiyo na ushahidi haikusaidii. GDPR inamtaka mtumaji aweze kuonyesha kwamba mtu aliridhia. Nikifungua rekodi ya mpokeaji nataka kukuta tarehe na saa, fomu aliyoijaza, na maneno yaleyale aliyoyasoma kabla ya kuweka tiki. Maneno hayo ndiyo yanayosahaulika zaidi, kwa sababu fomu hubadilishwa kila mara na ya zamani haihifadhiwi. Kama fomu ilisema "nitumie risiti yangu", aliomba risiti, hakuomba matangazo. Na kisanduku alichokikuta kimeshawekwa tiki si ridhaa. Orodha za anwani zinazouzwa sizigusi kabisa.

Tangu Februari 2024 si sheria peke yake inayobana. Google na Yahoo wanawataka wanaotuma kwa wingi (Google wanaanzia barua 5,000 kwa siku) wathibitishe kikoa chao (sehemu ya anwani inayofuata @) kwa SPF, DKIM na DMARC, yaani mbinu za kuhakikisha barua imetoka kweli kwa anayedai kuituma, waweke kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye matangazo, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Hiyo ni watu 3 kwa kila 1,000. Bado nakutana na wanaoficha kiungo cha kujiondoa chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu yasiyosomeka. Asiyekiona hubofya "barua taka", na hapo hata risiti za wateja wengine zinaanza kupotelea kwenye barua taka.

Kuna pia wasiobofya chochote. Wanajibu tu: "Nitoeni." Kwangu jibu hilo lina uzito uleule wa kitufe, kwa hiyo sikubali anwani ya mtumaji isiyopokea majibu. Kikasha cha majibu kinasomwa kila asubuhi, na anayekisoma ana ruhusa ya kuingiza anwani kwenye orodha ya wasiotumiwa papo hapo, bila kusubiri idhini ya mkuu wa mauzo.