NBA ilipouhamisha mchezo kutoka Charlotte

Nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Charlotte, North Carolina, Julai 2016, NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilipotangaza kwamba mchezo wake wa All-Star (mchezo wa nyota wa ligi) wa 2017 hautachezwa kwetu. Baadaye ukapelekwa New Orleans. Sababu ilikuwa HB2, sheria ya jimbo iliyowataka watu waliobadili jinsia watumie vyoo vya majengo ya serikali kwa kufuata cheti cha kuzaliwa, na iliyofuta kanuni ya jiji iliyowakinga dhidi ya ubaguzi. Wengi husahau kwamba sheria hiyohiyo ilizuia miji kuyapangia makampuni binafsi kima cha chini cha mshahara, jambo lililotugusa sisi watandika vitanda.

Tulikosa zamu za ziada tulizozitegemea, na iliniuma. Hata hivyo niliuunga mkono uamuzi ule, kwa sababu waliobaguliwa hawakusikilizwa na bunge la jimbo, ilhali ligi ilisikilizwa. Septemba NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, nayo iliondoa mashindano saba jimboni. Machi 2017 HB2 ikafutwa, na All-Star ikaja Charlotte 2019. Lakini sheria iliyoirithi iliendelea kuizuia miji kutunga kanuni za kuwalinda watu hao hadi Desemba 2020, na kwa maoni yangu ligi ziliridhika mapema mno.