Kazuhiro Koshi, aliyeingoja Olimpiki kwa miaka kumi

Katika wanariadha wote wa michezo ya barafuni ninaowafuatilia, hakuna ambaye safari yake imenigusa kama ya Kazuhiro Koshi wa Japani, ingawa hakuwahi kuvaa medali ya Olimpiki.

Mchezo wake ni skeletoni. Mshindani huishika sledi yake, chombo kidogo bapa cha kuteleza kwenye barafu, hukimbia nayo akiwa ameinama, kisha hujilaza juu yake kifudifudi, kichwa kikitangulia, na kuteremka kwenye njia ya barafu kwa kasi inayopita kilomita 120 kwa saa. Sledi hiyo haina usukani wala breki. Huelekezwa kwa kukandamiza bega au goti, na pengine kwa kugusa barafu kwa ncha ya kiatu, huku kidevu kikiwa sentimita chache tu juu ya barafu.

Koshi alizaliwa Desemba 1964 katika mkoa wa Nagano, akaanza kushindana katika skeletoni mwaka 1992 akiwa na miaka 27 hivi, umri ambao wengi katika michezo mingine huanza kufikiria kustaafu. Wakati huo skeletoni haikuwa kwenye Olimpiki. Ilikuwa imewahi kuchezwa humo mara mbili tu, mwaka 1928 na 1948, zote mbili St. Moritz, Uswisi, kwa hiyo aliyeuchagua mchezo huo aliuchagua bila ahadi yoyote.

Linaloniuma zaidi ni mwaka 1998. Olimpiki ya Majira ya Baridi ilifika Nagano, mkoani kwake kabisa, na kwa ajili yake ikajengwa njia ya barafu iitwayo Spiral, yenye sehemu mbili ambazo sledi hulazimika kupanda badala ya kushuka. Bobsledi, zile sledi kubwa za kuketi ndani, zilishindana hapo, na luji pia, ambayo mtu huilalia chali miguu ikitangulia. Skeletoni haikuwamo. Nimejaribu mara nyingi kuwaza inakuwaje mtu kuona dunia nzima imekuja nyumbani kwenu, na mchezo wako peke yake ukaachwa nje ya mlango.

Skeletoni ilirejeshwa kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, Marekani, mwaka 2002, Koshi akiwa na miaka 37. Medali ziliamuliwa kwa mizunguko miwili tu ya kuteremka, jumla yake chini ya dakika mbili, na ndani ya muda huo ilibidi aiweke kazi ya miaka kumi. Alimaliza wa nane. Kwangu mimi nafasi hiyo ina uzito kuliko medali nyingi ninazozikumbuka.

Kwenye Olimpiki ya mwaka 2006, katika njia ya Cesana Pariol nchini Italia, alikuwa wa 11 akiwa na miaka 41. Mshindi wa siku hiyo, Duff Gibson wa Kanada, naye alikuwa na miaka 39, kwani katika mchezo huu kuisoma njia na kutuliza mwili huja kwa miaka mingi ya kuteleza.

Kisha ikaja Olimpiki ya mwaka 2010 na njia ya Whistler, Kanada, yenye kasi ya kutisha. Safari hii mizunguko ilikuwa minne, na wa mwisho uliruhusiwa kwa washindani 20 tu kati ya 28. Koshi, mwenye miaka 45, alikuwamo. Hakuwa na medali ya kuifukuza tena, lakini aliinama, akaishika sledi yake, akakimbia na kujilaza kama alivyofanya tangu 1992, na akamaliza wa 20.