Kilomita 683 na ngazi ya nyumbani: daftari langu la mbio, Lamu, 2025

Daftari la mwaka huu lina kurasa tatu tupu katikati. Mwaka jana nilijaza kila juma. Nikijumlisha yote napata kilomita 683, na kati ya hizo 612 nilizikimbia kabla ya katikati ya Septemba. Zilizobaki, 71, ni za tangu Novemba. Hesabu hiyo inatosha kusema mwaka ulivyokwenda, ila kwa kuwa shule zimefungwa na wageni wamelala, acha niandike.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Januari na Februari kaskazi inavuma, asubuhi kuna ubaridi kidogo, nami nilikuwa natoka nyumbani Langoni baada ya swala ya alfajiri, napita kando ya maji hadi Shela, nagusa mchanga na kurudi. Kama kilomita saba hivi pamoja na vichochoro. Machi ikaingia Ramadhani. Nikahamishia mbio saa kumi na moja jioni, kilomita nne au tano za polepole, ili nikifika nyumbani iwe nusu saa tu kabla ya futari. Kukimbia huku harufu ya kaimati inatoka kila mlango ni mtihani ambao hakuna kocha anayeutaja.

Baada ya Idi nikafanya kosa la mwaka, ingawa wakati ule nililiona ni akili. Nilitoa intaneti programu ya nusu-marathoni ya majuma 14, nikaichapisha, nikaibandika ukutani. Lengo: kutoka Ngomeni hadi Shela, kisha pwani ya Shela kilomita saba na nusu, na kurudi. Jumla 21. Programu ilisema Jumanne hivi, Alhamisi vile, Jumapili mbio ndefu. Aliyeiandika bila shaka anakaa mahali penye barabara.

Sisi hapa barabara yetu ni mchanga, na mchanga una ratiba yake. Msomaji wa bara pengine hajui, kwa hiyo nieleze. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya huku hujaa alfajiri na jioni, na hukupwa saa nne au saa tano, jua likiwa utosini. Siku za maji mafu ni kinyume chake: asubuhi mapema maji yako chini. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Maji yakikupwa, Shela ina mchanga mgumu, umebanwa na maji, unakimbia kama uko uwanjani. Yakijaa, unabaki na ule mchanga mkavu wa juu, karibu na vilima, mguu unazama hadi kifundoni. Watafiti waliwahi kupima wakakuta kukimbia kwenye mchanga kunakula nguvu mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Mimi sikuhitaji kipimo, nilihitaji kusikiliza.

Jumapili ya tarehe 13 Julai programu ilidai kilomita 18. Mwezi ulikuwa mpevu siku tatu nyuma. Saa kumi na mbili kasoro nafika Shela, maji yamejaa yanapiga ukuta, kusi inavuma usoni. Nahodha mmoja mzee alikuwa anakausha mashua yake kwa kopo la rangi. Akanitazama viatu, akanitazama uso.

"Mwalimu, yeo ni bamvua. Utapita wapi?"

Nikamwambia nina programu. Akaendelea kuteka maji. Hakusema neno tena, na hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko maneno.

Nilizimaliza zote 18. Kwenye mchanga laini kisigino kinazama kabla ya vidole, na ule ukano unaoshika kisigino unavutwa zaidi kila hatua. Juu ya hayo pwani imelala upande, mguu wa kulia uko juu na wa kushoto chini wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi inageuka, ndiyo, lakini mimi kurudi nilikuwa nimeshachoka na nakimbia vibaya. Kesho yake asubuhi nilipotia mguu wa kulia sakafuni, nilishika ukuta.

Hapo ningepumzika siku kumi pengine yangeisha. Nikakimbia majuma mengine matatu. (Katika daftari siku hizo nimeziandika "maumivu kidogo". Nilikuwa najidanganya mwenyewe kwa wino.) Agosti nikaenda kwenye zahanati moja, nikapewa vidonge na neno moja: pumzika. Nikapumzika majuma manne kamili, maumivu yakaisha, nikakimbia kilomita tatu, yakarudi yote na nyongeza. Shangazi alikuwa akinichua kila usiku kwa mafuta ya nazi ya moto, na kusema kweli baada ya kuchuliwa nililala vizuri. Kupona sikupona. Maulidi ya mwaka huu, mji umejaa wageni na watu wanakimbiza punda pwani, mimi nilikuwa nimekaa barazani na mguu juu ya kigoda.

Katikati ya Septemba nikasafiri hadi Mombasa kwa mtaalamu wa viungo. Alibonyeza ukano kwa vidole viwili, akapata uvimbe mdogo kama punje ya mbaazi, akaniambia kupumzika peke yake hakuutii nguvu. Ukano unataka mzigo, ila mzigo wa polepole. Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, panda juu kwa mguu mzima, kisha shuka kwa ule mbovu, taratibu, hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, seti tatu, goti likiwa limenyooka. Halafu tena goti likiwa limekunjwa. Asubuhi na jioni, majuma 12. Piga hesabu: 180 kwa siku.

Zoezi hili lilienezwa na daktari wa upasuaji wa Uswidi, Håkan Alfredson, na utafiti wake wa 1998 ulikuwa na watu 15 tu, wanamichezo wa kujifurahisha kama mimi. Husimuliwa kwamba ukano wake mwenyewe ulikuwa unauma, akaomba apasuliwe, akakataliwa, basi akaamua kuutesa hadi uharibike kabisa. Ukapona. Nimemsimulia shangazi kisa hiki, akasema Mzungu huyo ana kichwa kigumu kama changu.

Nyumba zetu hizi za kale zina jambo moja: ngazi. Ngazi ya kupandia darini kwetu ni ya mawe ya tumbawe, mwinuko kama ukuta, na kidato cha pili kimelika katikati kwa miguu ya watu wa vizazi. Kwenye ule mkunjo nyayo inakaa barabara. Juma la nne nikaanza kubeba begi la mgongoni lenye mchele kilo tano, juma la nane kilo kumi. Watoto wakitaka kupita, wananihesabia: "kumi na tatu, kumi na nne, mwalimu tupishe." Niliruka siku tatu tu, na zote zilikuwa za harusi.

Mapema Novemba nilitazama kwa simu marathoni ya New York. Benson Kipruto na Alexander Mutiso walifika utepeni pamoja, hata sekunde moja haikuwatenganisha, baraza nzima ikapiga kelele. Usiku ule ule nikatoka, nikakimbia dakika moja, nikatembea mbili, mara sita. Ndiyo mwanzo wa zile kilomita 71.

Desemba zoezi likaisha, wageni wakaja. Dada na watoto wake wamevuka kutoka Mokowe na mizigo kama wanahamia, na tangu wafike ni biriani, mahamri, halua na mkate wa mofa. Nimeongezeka kilo nne tangu Julai. Silalamiki. Mpwa wangu wa miaka 16 anakimbia nami, kijana wa lami ya Mombasa, siku ya kwanza aliniacha hadi tulipofika mchanga laini. Pale akasimama, mikono magotini, akaniuliza kama huku hakuna njia nyingine.

Kisigino asubuhi bado kigumu kwa hatua tano, sita za kwanza, kisha kinalegea. Programu nimeibandua. Mahali pake pana kalenda ya mwezi, na nimezungushia kalamu siku ya kumi na ya ishirini na tano hivi tangu mwezi kuandama, ambazo asubuhi maji yako chini na jua halijakomaa. Inayofuata inaangukia Jumatano, tarehe 31. Tutakwenda kilomita kumi, si 21, hadi pwani na kurudi. Mpwa ameshauliza kama tunaondoka kabla ya chai au baada yake. Nimemwambia aulize bahari.