Tafakari ya wiki: Mzee Barzilai na meza ya mfalme

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii fungueni 2 Samweli 19 kuanzia mstari wa 31, habari ya mzee Barzilai wa Gileadi, na kama una nafasi rudi kwanza sura ya 17 mwishoni uone huyu mzee alikua mtu wa aina gani. Daudi kakimbia, mwanae wa kumzaa Absalomu kampindua, kafika Mahanaimu na watu wake hoi, wana njaa na kiu, ndo Barzilai na wenzie wanatokea na vitanda, mabakuli, vyungu, ngano, shayiri, unga, kunde, dengu, asali, siagi, kondoo. Yani wamehamisha ghala. Sasa vita imeisha, mfalme anarudi Yerusalemu, anamwambia mzee twende wote, zamu hii nakulisha mimi. Mzee anakataa. Anasema nina miaka themanini, chakula sisikii ladha yake, waimbaji siwasikii, kwanini niwe mzigo kwako, niache nirudi nikafie kwetu walipozikwa baba na mama.

Wengi tukifika hapo tunahubiri unyenyekevu tunapita zetu. Mimi huyu mzee ananisumbua, maana namfahamu, ni dada yangu kabisa huyu.

Dada katimiza miaka 70. Mwanae yuko Dar, Mungu kamjalia kazi nzuri, akasema mama safari hii bethdei hufanyii Tukuyu kwa kupikia watu, unakuja huku ule. Basi tukapanda basi mimi na yeye. Na kwa jinsi alivyo alibeba mkungu wa ndizi, parachichi, na mchele wa Kyela, eti haendi kwa mtu mikono mitupu, na huyo mtu ni mtoto wake wa tumboni.

Siku yenyewe tukapelekwa mgahawa wa Kijapani kule Masaki, ile sehemu unaingia unajikuta unaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Mnakaa mstari mmoja kwenye kaunta ndefu ya mbao, mpishi yuko mbele yenu, na hakuna cha kuchagua, wenyewe wanaita omakase, mpishi ndo anaamua ule nini na kianze kipi, anakupa kimoja kimoja. Kwanza wakaleta vitaulo vya moto vimekunjwa, vya kufutia mikono. Dada akachukua cha kwake akamshika mwanae mkono akaanza kumfuta. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, ana ndevu, anafutwa vidole mbele za watu!

Mpishi alikua kijana wa kwetu hapa hapa Tanzania. Anachota wali kidogo, anaubana kwa vidole viwili kwenye kiganja, anaweka juu yake kipande cha jodari mbichi, anapaka soya kwa brashi, anakuwekea mbele. Vijiti vikatushinda mapema, akasema mama zangu kuleni kwa mkono, hata Wajapani wenyewe sushi wanakula kwa mkono. Hapo tukapumua. Ila dada kila akiwekewa kipande anakisogeza kwa mwanae, au kwangu, mimi nimeshiba nyie kuleni, na hajala kitu. Mara naona kafungua pochi, katoa tishu, anafunga vipande viwili. Za wajukuu.

Yule kijana aliona. Akainama akasema kwa heshima zote, mama samahani, hii haifungwi, samaki ni mbichi na wali ukikaa unakakamaa, hii inaliwa hapa hapa sasa hivi, na hiki nimekutengenezea wewe.

Dada akaniangalia, akamwangalia mwanae, hakuna aliyemsaidia. Akala. Akatafuna weee, halafu akamwambia mpishi ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, kijana wa watu sijui hata kama alielewa, na kuanzia hapo hakusogeza tena kipande kwa mtu. (Bili ilipokuja alitaka kujua ni sawa na debe ngapi za mchele. Mwanae alikataa kumwambia na mimi nisingemwambia.)

Nikakumbuka mana, kile chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani. Kutoka 16, Musa aliwaambia kabisa mtu asisaze mpaka asubuhi, wapo waliosaza, ikaingia mabuu ikanuka. Huwa tunasema walikua na uchoyo, au hawakuamini kwamba kesho Mungu atatoa tena. Sawa. Lakini ukikaa na wamama wa huku kwetu unajua kuna mtu anasaza sio kwa uchoyo, anasaza kwa sababu hajawahi kuamini kwamba kilichowekwa mbele yake ni chake. Na neno lilikua lile lile kwa wote, kila mtu kadiri ya ulaji wake. Hakukua na fungu la wale wanaojinyima.

Petro naye, Yohana 13. Wewe hutanitawadha miguu kamwe. Ukisikia haraka haraka unasema ana adabu huyu. Yesu hakuichukulia kama adabu, akamwambia nisipokutawadha huna shirika nami. Ni neno zito mno kumwambia mtu aliyekua anakuheshimu, na nadhani ni kwa sababu anayekubali kutoa tu na hakubali kupewa, bado yeye ndo mwenye nyumba, na wewe Bwana ni mgeni wake.

Najua kuna watakaosema hela ile ingeezeka kanisa. Wasomeni Marko 7, wale waliosema mali yangu ni korbani, imewekwa wakfu, baba na mama wasipate kitu. Yesu aliwaita wanafiki. Wengine watasema bethdei kwenye Biblia ni ya Farao na ya Herode tu na zote mbili kuna mtu aliuawa. Kweli, ila walioua ni Farao na Herode, keki haina kosa. Luka 14 ndo ngumu zaidi, ukifanya karamu uwaite maskini na vilema, na sitaki kuipunguza makali, lakini pale Yesu anaongea na mwenye karamu anayealika watu ili na yeye aalikwe. Mama aliyekulisha tangu hujaota meno hadaiwi mwaliko.

Na sisi Wamoravian tuna la kwetu hapa. Wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891, ila tarehe tunayoitaja sana ni 13 Agosti 1727, Roho alipowashukia wale ndugu wa Herrnhut kule Ujerumani kwenye ushirika mtakatifu. Baada ya ibada watu walishindwa kuachana, wakakaa vikundi vikundi wanaongea, na Zinzendorf, yule bwana mwenye ardhi aliyewapokea, akawapelekea chakula kutoka nyumbani kwake ili wasitawanyike. Ndo chanzo cha karamu ya upendo. Wengi wao walikua wakimbizi, hawana kitu, na hakuna aliyesema tusimsumbue bwana mkubwa. Walikula, wakaendelea kuongea habari za Yesu.

Turudi kwa Barzilai maana sijamaliza naye. Simlaumu, miaka themanini ni themanini, na safari ya kutoka Gileadi sio mchezo. Ila angalieni, hakuifunga ile meza. Alisema mtumwa wako Kimhamu huyu hapa (wengi wanamwona ni mwanae), nenda naye. Na Daudi akiwa anakufa, 1 Wafalme 2:7, katikati ya wosia mzito wa nani auawe na nani aachwe, anamwambia Sulemani watendee mema wana wa Barzilai, wawe miongoni mwa wale wanaokula mezani pako. Mzee alikataa sahani moja, mfalme akaibeba ile deni mpaka kitandani.

Sasa Jumamosi hii kikundi cha wamama tuko Uyole kama kawaida saa nane mchana. Vijana wameomba wapike wao, wali, maharage, kuku na kachumbari, na watawanawisha mikono wenyewe. Wamama mnakuja bila hotipoti. Atakayeonekana jikoni anafunika sufuria au kuonja chumvi atatolewa nje na mwenyekiti wa vijana, nimeshampa ruhusa, na vyombo wanaosha wao. Mvae masweta, baridi ya Uyole mnaijua.