Omena za Jumatano

Ukipita bwaloni kwetu Jumatano saa saba mchana utasikia msichana akimwambia mwenzake, "Leo ni zile za kutukodolea macho," na meza nzima inaangua kicheko. Nimeshazoea. Mimi ndiye msimamizi wa jikoni katika shule ya bweni ya wasichana huku Vihiga, na kama kuna chakula nitakachokitetea mbele ya bodi, wazazi na wasichana wenyewe, ni omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria.

Sababu yangu inaanzia kwenye unga. Wazazi wengi hapa hulipa sehemu ya karo kwa mahindi. Gunia la kilo 90 linashushwa getini, mwenye bohari analipima na kuhakikisha limekauka (yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 hatuyapokei, sumu ya kuvu si mchezo), kisha mahindi yanapelekwa kisiagi. Tangu 2012 sheria inawataka wenye viwanda waongeze vitamini na madini, chuma kikiwemo, kwenye unga wa pakiti. Huu wetu wa kisiagi hauongezwi kitu. Kwa hivyo msichana anayekula ugali mchana na githeri (mahindi na maharagwe) usiku atashiba, ndiyo, lakini damu yake itategemea sana kile kilichowekwa kando ya ugali. Na hawa ni mabinti waliovunja ungo, wanapoteza damu kila mwezi, tena katika eneo ambalo malaria haijaisha.

Nyama tunapika Jumamosi. Mwenye bahati hupata vipande viwili, aliyechelewa foleni hupata mchuzi na harufu. Kwa pesa hizohizo napata omena za kutosha kila sahani ijae. Halafu omena huliwa nzima, kichwa, mifupa na yote, kwa hiyo mtoto anapata kalisi, chuma na zinki kwa mkupuo mmoja. Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalijui: samaki akiliwa pamoja na maharagwe au mboga za majani, huusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye mboga hizo. Chai hufanya kinyume. Ndiyo maana niliiondoa chai mezani wakati wa chakula cha mchana nikaisogeza hadi saa nne asubuhi, na kelele nilizopigiwa wiki hiyo nisizisimulie.

Omena nanunua mwenyewe Kibuye, Kisumu, Jumapili soko likiwa limejaa. Zamani tuliletewa hadi getini, mpaka mletaji mmoja akatuuzia gunia lililokuwa safi juu na mchanga chini. Sasa nikifika naokota chache, natafuna papo hapo mbele ya mwenye mali.

"Mama, hizi zimeanikwa juu ya nyavu, tafuna tu," ananiambia.

Natafuna. Meno yakikwaruza, nahamia meza ya pili. Mwezi ukiwa mpevu bei hupanda, kwa sababu omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiangaza ziwa zima taa haziziviti tena. Naipanga safari yangu kwa kutazama mbinguni. Mhasibu wetu alidhani namtania.

Jikoni kazi kubwa ni kuosha. Tunachambua majani na makombe madogo, tunamwaga maji moto yenye chumvi, tunasugua, tunamwaga, tunarudia hadi maji yatoke meupe. Kisha zinakaangwa kidogo kidogo kwa mafuta machache mpaka zilie. Ukizijaza zote sufuriani kwa pamoja zinachemka badala ya kukaangika, na hapo ndipo wasichana walipozichukia miaka yote. Vitunguu vingi, nyanya nyingi zaidi, na mwishoni maziwa kidogo, hiyo ni amri ya mpishi mwenzangu mkongwe kutoka Siaya na simpingi. Limau linakamuliwa sahanini, si jikoni. Pembeni ni kunde au sukuma, ambayo inaoshwa kabla ya kukatwa. Wapishi walikuwa wakiikata jioni na kuiacha ndani ya maji hadi kesho yake. Yale maji ya kijani waliyoyamwaga asubuhi yalikuwa yamebeba vitamini zetu.

Je, wanakula? Wengi. Ndoo ya makombo Jumatano ni nyepesi kuliko ya siku za githeri, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko ratiba nzuri iliyobandikwa ukutani. Kuna mmoja wa kidato cha tatu ambaye huvunja vichwa kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani. Simgombezi. Kiwiliwili kinatosha kwa sasa.

Kinachoniumiza kichwa ni muhula wa pili. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili zizaliane, na kile kidogo kilichopo sokoni tunagombania na wenye viwanda vya chakula cha kuku. Kwa hivyo nanunua za ziada Machi, naanika tena juani, nafungia kwenye ndoo zenye vifuniko vya kubana. Hukaa vizuri hadi katikati ya Juni, kisha harufu inageuka na wadudu wanaingia, nami narudi kwenye ndengu. Kama unapikia shule na una njia bora ya kuzihifadhi, niandikie hapo chini. Ila usiniambie niweke dawa.